Mpaka Usiochorwa: Tuwafunze Wanetu Kupima Kabla ya Kupiga



Wiki hii naomba ruhusa yenu nitoke kidogo katika mada tulizozizoea za ndoa, mirathi na adabu za nyumbani, niwapeleke uwanjani. Huenda baadhi yenu mtashangaa kumwona katibu wa kamati ya msikiti akiandika habari za besiboli. Mimi mwenyewe nilishangaa. Lakini yaliyonipata huko yamenipa somo la malezi ambalo sikulipata chuoni, na nimeona kulinyamazia ni kuficha kheri.

Wengi wetu tunaujua mchezo huu kwa kuuona katika filamu tu. Hata hivyo, watoto wetu wa shule wameanza kuucheza. Hapa Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, nchi ambayo mchezo huu umeota mizizi katika shule zake kwa zaidi ya miaka 100. Jirani zetu wa Uganda walikwishatutangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Kwa hiyo jambo hili si geni tena, na mzazi ambaye mwanawe anarudi nyumbani na vumbi la uwanja huo hana budi alijue.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana umri wa miaka 11. Jumamosi moja mama yake alipata udhuru, akaniomba nimsindikize kijana kwenye mechi kati ya shule yake na shule jirani. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Nikasimama kando ya uwanja pamoja na wazazi wengine, nami sikujua lolote juu ya mchezo ila hili: aliyeshika rungu yampasa aupige mpira.

Basi kila mpira uliporushwa kumwelekea, nilipaza sauti, "Piga! Piga!" Naye, kwa kumheshimu mjomba wake, alipiga. Aliupiga mpira uliopita juu ya kofia yake. Aliupiga mpira uliokaribia kugusa vumbi. Rungu lilikata upepo mara tatu, akatolewa. Zamu ya pili ikawa vilevile.

Zamu yake ya mwisho, timu yao ikiwa nyuma kwa pointi moja, niliingiwa na hofu nikanyamaza. Mpira wa kwanza ukaja, kijana hakutikisika. Mwamuzi akaita straiki. Wa pili ukaja, hakutikisika. Straiki. Wa tatu ulipita chini, na mdakaji akaudaka karibu kabisa na ardhi. Nilishusha pumzi, kwani niliona wazi kwamba ulikuwa mbaya. Mwamuzi akainua mkono: straiki ya tatu. Mechi ikaishia hapo, rungu likiwa bado begani mwa mtoto.

Nami nikasema, kwa sauti ambayo kila aliyekuwapo aliisikia, "Amemdhulumu mtoto!"

Mwamuzi alikuwa kijana mdogo tu, aliyemaliza kidato cha sita. Aligeuka, akanitazama, kisha akainamisha kichwa na kuanza kukusanya mipira.

Ndani ya daladala mpwa wangu alikaa kimya hadi tulipokaribia nyumbani. Kisha akasema, "Mjomba, uliponiambia nipige, mipira ilikuwa mibaya. Uliponyamaza, ikawa mizuri. Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe, mpira sikuutazama."

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Na yule mwamuzi, kweli amenidhulumu?"

Hapo ndipo nilipofikwa. Dhulma ni neno zito. Sisi tuliosoma vyuoni tunalijua uzito wake, na katika vikao vya kamati mimi ndiye ninayewaambia watu wasimtaje mtu kwa dhulma bila ushahidi. Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuwatendea watu jambo tukalijutia. Nami nilimtuhumu kijana wa watu mbele ya watoto, kwa sheria nisiyoijua, katika mchezo nisioujua. Niliazimia kuisoma sheria hiyo kabla ya Jumamosi nyingine.

SANDUKU LILILO HEWANI

Jumatano yake, baada ya swala ya Alasiri, nilikwenda shuleni kwao kuonana na mwalimu wa mchezo. Haya ndiyo niliyofunzwa, nami nayaeleza kwa kila mzazi aliye kama nilivyokuwa.

Mbele ya mpigaji kimelazwa ardhini kibao cheupe chenye pembe tano, kiitwacho kibao cha nyumbani. Upana wake ni inchi 17, yaani takriban sentimita 43. Hewani, juu ya kibao hicho, kuna mfano wa sanduku lisiloonekana kwa macho. Hilo ndilo eneo la straiki. Mpira ukipita ndani ya sanduku hilo, au ukaligusa hata kwa ukingo wake tu, na mpigaji akauacha, huhesabiwa straiki. Ukipita nje naye akauacha, huitwa boli. Straiki tatu humtoa mpigaji. Boli nne humpa haki ya kwenda kituo cha kwanza kwa kutembea, bila kupiga chochote. Lakini akiutamani mpira ulio nje, akatupa rungu na kuukosa, hiyo nayo ni straiki. Amelichukua kosa la mrushaji akalifanya lake.

Sasa tazameni jinsi sanduku hilo linavyopimwa, kwani hapa ndipo penye hekima. Mipaka yake ya kulia na kushoto ni ya kibao. Haimjui mtu. Mpigaji asimame karibu au mbali, awe mnene au mwembamba, upana ni uleule kwa wote. Mipaka ya juu na chini ni ya mchezaji mwenyewe. Kanuni kuu ya besiboli huweka kikomo cha juu katikati ya mabega na ukingo wa juu wa suruali, na kikomo cha chini kwenye kibonde kilicho chini ya kifuniko cha goti. Kwa watoto, kanuni za Little League hulihesabu eneo tangu kwapani hadi juu ya magoti. Mzazi aulize mapema ligi ya mwanawe inafuata kanuni ipi. Na kote vipimo huchukuliwa mtoto akiwa katika mkao wake wa kawaida wa kupiga, magoti yamekunjwa kidogo. Havichukuliwi akiwa amesimama wima kama mlingoti.

Kwa hiyo sheria ni moja kwa wote, lakini humpima kila mmoja kwa kimo alichojaaliwa. Mtoto mrefu analinda eneo refu, mfupi analinda eneo fupi. Mpwa wangu ni mfupi kuliko wenzake wote wa darasa lake, na kwa ajili hiyo hutaniwa. Mwalimu alipomwambia kwamba kimo chake kinampa mrushaji kazi ngumu, niliuona uso wa mtoto ukikunjuka.

Katika historia ya Marekani kuna kisa mashuhuri juu ya jambo hili. Tarehe 19 Agosti 1951, timu ya St. Louis Browns ilimpeleka kwenye kibao mtu aitwaye Eddie Gaedel, ambaye kimo chake kilikuwa futi 3 na inchi 7, takriban sentimita 109. Eneo lake la straiki lilikuwa dogo mno hata mrushaji akashindwa kulilenga. Mipira minne ilirushwa, yote ikawa boli, Gaedel akatembea hadi kituo cha kwanza. Mwenye timu alikusudia kuwachekesha watu, na kesho yake rais wa ligi akaufuta mkataba ule. Kisa hiki sikitaji ili tumcheke mtu kwa umbile lake, jambo ambalo dini yetu imelikataza. Nakitaja kwa sababu kinaonesha kwamba sheria ile ilimlinda mdogo sawasawa na mkubwa, hata pale wakubwa walipomfanya kichekesho.

ULIPOPITA, SI ULIPOISHIA

Mwalimu alikuwa amesimika miti miwili pande mbili za kibao, akafunga kamba mbili za kulala: moja usawa wa kwapa za mtoto, nyingine usawa wa magoti. Kisha akaning'iniza kamba mbili za wima kwenye kingo za kibao. Sanduku la hewani likaonekana. Njia hii si mpya. Branch Rickey, kiongozi wa timu ya Brooklyn Dodgers aliyemsajili Jackie Robinson, aliwafungia kamba za namna hii warushaji wake wajifunze kulenga. Mwalimu wetu anazitumia kuyafunza macho ya wapigaji.

Watoto walisimama mmoja baada ya mwingine pembeni mwa kamba, mikono mitupu, bila rungu. Mpira mwepesi ukarushwa, na mtoto akatakiwa aseme "ndani" au "nje" kabla haujadakwa. Baada ya mipira kadhaa kamba zikafunguliwa, zoezi likaendelea hewani patupu. Mpwa wangu alianza kwa kukosea, kisha akaanza kupatia.

"Ustadhi," mwalimu akaniambia, "sasa njoo nyuma ya wavu, useme wewe."

Nilisimama. Katika mipira kumi nilikosea minne. Mitatu kati ya hiyo minne ilikuwa ya chini, ambayo mimi niliita "nje" nao watoto wakaita "ndani". Mwalimu akatabasamu kwa adabu, akasema, "Ustadhi, wewe unatazama mahali mpira ulipoishia. Sisi tunahukumu mahali ulipopita."

Maana mpira ukirushwa huendelea kushuka. Huweza kupita juu ya kibao ukiwa usawa wa magoti, ndani ya mpaka, kisha ukadakwa nyuma ukiwa chini sana. Anayetazama glovu ya mdakaji atasema ulikuwa mbaya. Anayetazama kibao atasema ulikuwa mzuri. Nilikumbuka mpira ule wa tatu wa Jumamosi na mkono wa mdakaji uliokaribia ardhi, nikahisi joto usoni.

Tukumbuke pia kwamba hukumu hii hutolewa kwa kufumba na kufumbua. Katika viwanja vya Little League mrushaji husimama umbali wa futi 46, takriban mita 14. Mtoto akirusha kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, mpira unafika kwa muda usiotimia theluthi mbili za sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji auone, aupime, aamue, na azungushe rungu. Hakuna nafasi iliyobaki ya kumsikiliza mjomba.

MAMBO YALIYO WAZI NA YENYE KUTATIZA

Wasomaji wa ukurasa huu mnaijua hadithi mashuhuri iliyopokewa kutoka kwa An-Nu'man bin Bashir, inayogawa mambo katika halali iliyo wazi, haramu iliyo wazi, na yale ya katikati yenye kutatiza. Nilipokuwa nyuma ya wavu niliikumbuka. Mipira nayo ni aina tatu. Iko inayopita katikati, ambayo kila mtu anaiona kuwa nzuri. Iko inayopita mbali, ambayo hata mimi niliijua. Na iko ya kingoni, ambayo wenye ujuzi huweza kuhitilafiana.

Mpigaji mwenye busara, akiwa bado hana straiki mbili, huiacha ya kingoni na kuisubiri ya katikati. Mmarekani Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa 406 katika kila 1000, alikuwa bingwa wa kuacha. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya elimu ya kupiga, alilichora eneo lake la straiki likiwa limejazwa mipira 77, saba kwa upana na kumi na mmoja kwa urefu, na kila mpira akauandikia wastani aliotarajia kuupata akiupiga mahali hapo. Katikati aliandika 400. Kwenye pembe ya chini iliyo mbali naye aliandika 230. Mpiga hodari kama yule alikiri kwamba hata ndani ya mpaka si kila mpira ni wake. Na katika maisha yake ya uchezaji alitembea hadi kituo cha kwanza zaidi ya mara 2000, kwa kuacha tu.

Hata hivyo, mfano huu una mwisho wake, nami sitaki kuuvuta kupita kiasi. Mpigaji akishapata straiki mbili, mchezo humtaka ajilinde: mpira wa kingoni lazima ajaribu kuugusa, maana akiuacha huenda akatolewa. Dini haituamrishi kuyavamia mambo ya shaka tunapobanwa. Tena mipaka ya mchezo ni makubaliano ya wanadamu, nayo imebadilishwa mara nyingi. Kabla ya mwaka 1887 mpigaji aliruhusiwa kumwomba mrushaji mpira wa juu au wa chini, apendavyo. Mwaka 1963 eneo lilipanuliwa, mwaka 1969 likapunguzwa. Mipaka ya Mola wetu haipigiwi kura. Lakini mtoto anayejizoeza kujiuliza "hili ni langu au si langu?" kabla ya kunyoosha mkono, amejizoeza jambo litakalomfaa sokoni, kazini na nyumbani.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kwa idhini ya mwalimu yule, nayaweka hapa mazoezi ambayo mzazi yeyote anaweza kuyafanya uani, hata kama hajawahi kushika rungu. Tumieni mpira wa tenisi au wa sponji, na msiruhusu mtoto mwingine asimame karibu na rungu linapozungushwa.

Kwanza, mpimeni mtoto mwenyewe. Asimame karibu na ukuta katika mkao wa kupiga, mweke alama ya chaki usawa wa kwapa na usawa wa magoti. Kateni kipande cha boksi chenye upana wa sentimita 43, mkilaze chini. Sasa ameliona eneo lake. Rudieni kila muhula, kwani watoto hukua na alama za Januari hazitamfaa Septemba.

Pili, macho yatangulie rungu. Mrushieni mipira 20 bila ya yeye kupiga. Kila mmoja aseme "ndani" au "nje", na aufuate kwa macho mpaka udakwe. Msimkosoe haraka. Mwacheni aseme, kisha mwoneshe.

Tatu, alijue eneo lake kwa sehemu. Ligawanyeni sehemu tisa: juu, kati na chini, kwa karibu, katikati na mbali. Ataje mpira ulipopita. Baada ya siku chache mtagundua sehemu anazopiga vizuri na zile zinazomshinda. Hizo anazopiga vizuri ndizo za kuzisubiri.

Nne, asifunzwe kusubiri tu. Hili nililiona kwa mpwa wangu: alipoambiwa asipige ovyo, akaganda kama gogo. Mwalimu huwafunza watoto kuuendea kila mpira kwa nia ya kupiga, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kusema hapana dakika ya mwisho ikiwa mpira umetoka nje. Anayeanza kwa hapana huchelewa hata mpira mzuri ukija.

Tano, akiwa na straiki mbili, alipanue eneo lake kwa upana wa mpira mmoja kila upande, takriban sentimita saba. Ndani ya hapo ajilinde.

Sita, apewe zamu ya kuwa mwamuzi. Mwekeni nyuma ya wavu awahukumu wenzake. Hakuna kilichowanyamazisha haraka watoto waliozoea kulalamika kama kazi hiyo ya dakika kumi.

Mabinti wanaocheza softiboli wafanyiwe vivyo hivyo. Mrushaji wao hurusha kwa mkono unaotokea chini, lakini upana bado ni wa kibao, na urefu bado ni wa mchezaji.

MWAMUZI NA MWANDAMO WA MWEZI

Limebaki neno la mwamuzi, nalo ndilo lililonipeleka kwa mwalimu.

Kila mwaka, mwishoni mwa Shaabani, watu waadilifu husimama mahali pamoja wakitazama upande mmoja wa mbingu. Mmoja huuona mwezi mwandamo, mwenzake aliye begani mwake haoni kitu. Hatumwiti yeyote kati yao mwongo. Tunajua kwamba kitu ni chembamba, muda ni mfupi, na macho yanatofautiana. Mpira wa kingoni ni mwembamba kuliko huo na muda wake ni mfupi zaidi.

Wenye uwezo wameanza kutafuta msaada wa mashine. Korea Kusini, tangu mwaka 2024, ligi yake kuu imekabidhi hukumu ya straiki na boli kwa kamera na kompyuta. Sisi katika viwanja vya shule tuna kijana wa kidato cha sita na macho yake mawili. Tukimzomea, kesho hatarudi, na watoto wetu hawatakuwa na mwamuzi wala mchezo. Huko Japani, wachezaji wa shule hujipanga mstari kabla na baada ya mechi, wakainama kwa heshima. Sisi hatuinami kwa namna hiyo, lakini tunayo salamu, tunao mkono, na tunazo shukrani. Tusishindwe kuvitumia.

Wala simaanishi kwamba mwamuzi hakosei. Hukosea. Mtoto ana haki ya kujua hivyo pia, ili asidhani kwamba kila alichohukumiwa ni kweli tupu. Kinachotakiwa ni ajue tofauti kati ya aliyekosea na aliyedhulumu. Aliyekosea alikusudia haki ikamponyoka. Aliyedhulumu aliijua haki akaiacha. Mtoto asiyetenganisha mawili haya atakua akiona maadui kila mahali, hata nyumbani kwake.

Jumamosi iliyofuata nilifika uwanjani mapema. Nilimkuta yule kijana akipanga mipira. Alinitambua, akasema, "Shikamoo." Nilimwitikia marahaba, nikamwambia kwamba wiki iliyopita nilimtamkia neno nisilokuwa na elimu nalo, mbele ya watoto, na kwamba namwomba anisamehe. Nilimwita mpwa wangu asikie, maana lile la mwanzo alilisikia.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ustadhi, yaliyopita yameisha. Lakini ule mpira nimeufikiria wiki nzima. Ulikuwa ukingoni kabisa. Mpaka sasa sina hakika kama niliupatia."

Mpwa wangu alimtazama, akasema, "Mimi pia sina hakika. Sikuutazama." Wakacheka wote wawili, nami nikacheka pamoja nao, ingawa koo lilinikaba.

Siku hiyo nilisimama palepale kando ya uwanja, midomo imefungwa. Zamu ya kwanza kijana aliacha mipira minne, miwili kati yake ilikuwa karibu sana na mpaka, akatembea hadi kituo cha kwanza akiwa ameinua kichwa. Zamu ya pili alitolewa kwa straiki tatu, lakini zote alizipiga kwa nguvu na zote zilikuwa ndani. Zamu ya tatu aliugusa mpira ukabingirika, akadakwa akiwa bado njiani. Timu yake ilishindwa tena. Ndani ya daladala sikumuuliza kwa nini hakupiga hivi au vile. Nilimuuliza, "Uliona nini leo?" Alinieleza mpira mmoja mmoja, ulipopita na kwa nini aliuacha, mpaka tukapitiliza kituo chetu.

Ndugu wazazi, walimu wa madrasa na wajomba wenzangu: wanetu wataishi katikati ya mipaka mingi isiyochorwa ardhini. Tuwaoneshe mipaka hiyo mapema, kwa upole, kwa vipimo vinavyolingana na vimo vyao. Kisha zamu yao ikifika tuwaache watazame wenyewe, na ndimi zetu tuzichunge.

Tunamwomba Allah atujaalie macho yenye kuona haki, ndimi zenye kuhakiki kabla ya kutamka, na watoto watakaokuwa kitulizo cha nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.